Kabla hujatundika TV juu ya fayaplesi, kaa kwanza kwenye kochi

Siku hizi huku kwetu Njombe simu nyingi za kufunga TV zinaanza hivi hivi, "fundi, nyumba imeisha, njoo unifungie TV sebuleni, pale juu ya fayaplesi," yani ile sehemu ya kuwashia moto iliyojengwa ukutani, na mtu anatuma na picha kabisa kwenye WhatsApp, picha kaitoa Instagram au Pinterest, sebule kubwa nyeupe, moto unawaka chini kwenye uwazi mrefu mwembamba, na juu yake TV ya inchi 75 imebandikwa ukutani haina hata waya mmoja unaoonekana. Picha nzuri kweli, sibishi. Na kwa kazi yangu nilitakiwa nifurahi tu, nibebe drili niende. Ila mimi nafunga TV na madishi na waya za nyumba nzima, kuanzia Makambako mpaka kule juu Makete, alafu jioni nikirudi kibandani natengeneza TV zilizokufa, kwa hiyo naziona zikipanda ukutani na naziona tena zikiwa mezani kwangu zimevuliwa mgongo. Ndo maana nimekaa kuandika hii. Kama moto wako ni moto wa kweli, wa kuni, unaouwasha kila jioni kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane, basi ule ukuta waachie moto, TV itafutie ukuta wake.

Najua wengi hawatapenda kusikia hivyo, wameshaona picha na roho imeshapenda, kwa hiyo ngoja nieleze taratibu.

Kwanza hizo picha. Ukiziangalia vizuri nyingi ni za Marekani na Ulaya, na moto unaouona pale mara nyingi ni wa gesi, una kioo mbele, unawashwa kwa swichi au rimoti, au ni wa umeme kabisa, yani taa zinazocheza kama ndimi za moto na feni inayopuliza joto kwa mbele. Mwenye nyumba akitaka joto analiwasha, asipotaka anaacha mwanga tu unachezacheza wageni wafurahi. Joto lake linapimika na linaelekezwa, na kwenye kile kitabu cha fayaplesi imeandikwa kabisa mbao ikae umbali gani na TV ikae umbali gani. Hata ukuta wenyewe ni tofauti, wenzetu wengi kule kuta za ndani ni fremu za mbao na jipsamu, waya unapita ndani kirahisi. Sasa wewe una tofali za kuchoma, chimni, yani njia ya kutolea moshi, imepita ndani ya huo huo ukuta unaotaka kuutoboa, na chini yake kuna gogo la mlingoti linalowaka masaa manne. Picha ni ile ile ila nyumba sio ile.

Na moto wetu sio pambo. Njombe mjini tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa sita na wa saba mtu anaamka asubuhi anatoa mvuke mdomoni, kule Makete na Kitulo barafu inalala kwenye majani kabisa. Zamani fayaplesi uliziona kwenye nyumba za misheni na zile nyumba za mameneja wa mashamba ya chai Mufindi, sisi wengine tuliota moto jikoni nyuma, umekaa kigoda, moshi machoni. Hela ya mbao na hela ya parachichi ndo imebadilisha mambo, mtu akijenga sasa hivi ramani yake lazima iwe na fayaplesi sebuleni, na mimi nafurahi sana kuona hivyo, kwa sababu mbadala wake tunaujua wote, ni lile jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku na madirisha yamefungwa, na ile hewa ya monoksidi kaboni haina harufu wala rangi, watu wanalala hawaamki. Fayaplesi yenye chimni nzuri inaokoa maisha ya watu. Kwa hiyo nikisema uiheshimu chimni namaanisha hasa, nitarudi hapo.

TV nayo ina historia yake sebuleni. Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994, wakati Zanzibar walishakuwa nayo tangu miaka ya mwanzo ya 70. Zikaja zile za chogo, TV ya chogo ya inchi 29 ina kilo arobaini hivi, huwezi kuwaza kuitundika popote, inakaa kwenye kabati lake na kitambaa cha kufuma juu, na bila kujua tulikuwa tunaiweka sawa kabisa kwa macho, chini, usawa wa mtu aliyekaa. Flati zilipokuja nyepesi, ya inchi 55 ina kilo kumi na tano mpaka ishirini tu, ndo tukaanza kupandisha. Kila mwaka naona zinapanda. Baa ndo zilianza, sawa, baa lazima uweke juu watu wanasimama na kupita mbele, alafu majumbani tukaiga baa.

Haya tuje kwenye joto. Ukifungua kile kitabu kinachokuja na TV, kile ambacho watu wanakitupa na boksi, sehemu nyingi utakuta imeandikwa ifanye kazi kwenye hewa isiyozidi nyuzi 40. Hiyo ni hewa inayoizunguka, kumbuka TV yenyewe ikiwaka inatoa joto lake na inategemea hewa ya pembeni iingie kwa matundu ya chini itokee ya juu kuipoza. Ukiiweka juu ya moto, hewa inayoingia kwa matundu ya chini ndo ile ile iliyotoka mdomoni mwa fayaplesi. Yani unaipoza kwa hewa ya moto.

Watu wananiambia "fundi mbona nimeweka mkono pale ukuta hauna moto sana." Mkono hautoshi, na swali lenyewe ni umeweka saa ngapi. Ukuta wa tofali unachelewa kupata joto na unachelewa kupoa, saa moja ya kwanza utauona wa kawaida kabisa, njoo saa nne usiku uuguse, na hata moto ukishazimika bado unatoa joto mpaka usiku wa manane, na TV ipo pale mgongo umeelekea ukutani. Mimi nina kipimajoto kidogo cha jikoni, nakibandika kwa selotepu ya karatasi pale pale ambapo mteja anataka makali ya chini ya TV yafike, namwambia usiku washa moto kama unavyowasha siku zote, usiwashe mdogo kwa ajili ya kipimo, kila nusu saa soma uniandikie. Nyumba ambazo ukuta umenyooka tu, hazina shelfu iliyotokeza juu ya mdomo wa moto, namba inapita 50 kirahisi. Nyumba ambazo wajenzi walimwaga zege ikatokeza sentimita ishirini hivi kama kibaraza, namba inabaki thelathini na kitu, kwa sababu joto likipanda linagonga ile zege linasukumwa mbele kuelekea kwa watu waliokaa, ambako ndo linatakiwa. Kipimo hiki hakina gharama na kinamaliza ubishi wote kati ya baba na mama, namba zinaongea.

Alafu masizi. Kabla hata sijatoa kipimajoto naangalia rangi ya ukuta juu ya mdomo wa fayaplesi. Kama kuna weusi umepanda, hata kidogo, maana yake moshi haupandi wote kwenye chimni, unarudi ndani. Kuni zetu nyingi ni mabanzi ya paini kutoka kwenye viwanda vya mbao, yana utomvu, na mara nyingi hayajakauka, yanatoa moshi mzito wa kunata, kuni za miti ya miwati zilizokaa mwaka mzima bandani zinawaka safi zaidi. Lakini shida kubwa iko kwenye ujenzi, mafundi wengi wanajenga fayaplesi kama sanduku, imeingia ndani sana, pembeni zimenyooka, na koo la chimni pana kupita kiasi. Kuna mtu aliitwa Benjamin Thompson, anajulikana zaidi kwa cheo chake cha Count Rumford, mzaliwa wa Marekani, aliandika makala kuhusu hili jambo 1796, akaeleza kwamba fayaplesi iwe na kina kifupi, kuta za pembeni zifunguke kuelekea chumbani ili zirudishe joto kwa watu, na koo la kupitisha moshi libanwe liwe jembamba ili moshi uvutwe haraka. Zaidi ya miaka mia mbili imepita na ukifuata alivyosema bado inafanya kazi. Mi nikikuta fayaplesi inarudisha moshi namwambia mwenye nyumba hela ya breketi aitumie kwanza kumwita fundi mwashi arekebishe koo, TV itasubiri.

Sasa ngoja nikuonyeshe kinachotokea ndani. Juzi juzi hapa nimeletewa TV ya inchi 50, malalamiko ni yale yale, sauti ipo picha hakuna. Ukizima taa za chumba ukaimulika tochi kwa karibu kwenye kioo unaona picha ipo inacheza, hafifu sana, maana yake kioo chenyewe ni kizima, ila taa za ndani zinazokimulika ndo zimekufa. Nikaifungua mgongo. Kwenye matundu ya chini kulikuwa na utando mweusi laini, ukipitisha kidole unateleza unaacha alama kama umegusa mafuta, na ule utando umeingia mpaka juu ya bodi ya pawa. Kapasita mbili, vile vikopo vidogo vya duara vinavyotunza umeme kwenye bodi, zimevimba vichwa, moja imeanza kuvuja. Nikamuuliza aliyeileta, ilikuwa imefungwa wapi? Akanyamaza kidogo akasema juu ya fayaplesi. Sikushangaa. Wanaojua elektroniki wanatumia kanuni moja ya makadirio, kila joto likiongezeka nyuzi 10 maisha ya kapasita za namna hiyo yanapungua karibu nusu, kwa hiyo TV ambayo ingekaa miaka nane na kuendelea inakufia ndani ya mitatu, na duka ulilonunulia wakiona masizi mle ndani usitegemee garantii itakusaidia. Zile taa za ndani nazo hazipendi joto, zinafifia upande mmoja, kona ya chini inaanza kuwa nyeusi, mtu anadhani ni king'amuzi.

Lakini hata kama joto lingekuwa sawa, hata fayaplesi yako ingekuwa ya gesi kama kwenye picha, bado ningekuuliza kuhusu shingo.

Fanya hesabu na mimi. Mtu mzima akikaa kwenye kochi la kawaida macho yake yapo sentimita 100 mpaka 110 kutoka sakafuni. Fayaplesi ya kwetu, mdomo unaishia sentimita 80 au 90, shelfu yake inakaa kwenye 130. Uache nafasi ya sentimita 30 juu ya shelfu ndo TV ianze, tupo 160. TV ya inchi 55 ina kimo cha karibu sentimita 70, kwa hiyo katikati ya picha iko 195. Macho yako yapo 105. Unaangalia juu kwa sentimita 90, na kama kochi lipo mita mbili na nusu kutoka ukutani hapo umeinua macho kwa nyuzi 20 kufika katikati tu ya picha, juu kabisa zinakaribia 27. Kanuni inayotumika sana kwa wanaopanga sebule za kuangalia sinema ni kwamba katikati ya picha isizidi nyuzi 15 kutoka usawa wa macho, na hapo ndo mwisho, mimi napenda iwe sawa na macho kabisa au chini kidogo. Dakika tisini za mpira na zile za nyongeza, taarifa ya habari, na tamthilia ya mama ikifuata, shingo yote hiyo imekunjwa nyuma.

Na picha yenyewe unaiharibu. TV nyingi za bei ya kawaida zina aina ya kioo ambayo ukitoka katikati weusi unageuka kijivu na rangi zinapauka, watu wanalijua hilo kwa pembeni, hawajui kwamba hata kwa chini ni hivyo hivyo. Umelipia TV kubwa alafu unaiangalia kwa pembe mbaya kila siku ya maisha yake. Usiku nao moto unawaka chini ya picha, mwanga wake unacheza machoni wakati unajaribu kuona mambo ya giza kwenye filamu, hupati moto vizuri hupati picha vizuri.

Wazee ndo wanaumia zaidi. Niliitwa kwa mwalimu mmoja mstaafu, kijana wake kutoka Dar kamtumia TV ya inchi 65 na maelekezo yote kwa simu, ifungwe juu ya fayaplesi, na picha katuma. Nimefika nimebisha hodi, kamwene, kamwene, shikamoo baba, shikamoo mama, nikakaribishwa chai ya maziwa ile nzito, moto unawaka, sebule ina joto zuri, mzee yuko kwenye kiti chake cha mbao upande wa kulia na mama upande wa pili anamenya karanga. Nikasema kabla sijatoa vifaa tufanye kitu kimoja, nikachukua lile boksi la TV lenyewe, mjukuu akashika upande mmoja mimi upande mwingine, tukaliinua mpaka pale juu, nikamwambia mzee baba liangalie hili boksi kama ndo TV, usome maandishi. Mzee anavaa miwani ile yenye sehemu mbili, juu ya kuonea mbali na chini ya kusomea. Akainua kichwa nyuma, na ukiinua kichwa nyuma macho yanaangukia kwenye ile sehemu ya kusomea, haoni kitu. Akashusha kidevu, akainua tena. Mama akamwambia, "Baba Tumaini, hapo utaumwa shingo mpaka Jumapili." Mzee akacheka akaniambia, "Mwanangu, mimi hii nyumba niliijenga nikae na moto wangu na watu wangu, hiyo TV ni ya taarifa ya habari tu, iweke mahali nitaiona."

Tukaishusha pembeni, upande wa kushoto wa fayaplesi, pale ukuta unaporudi ndani baada ya chimni kutokeza. Breketi ya mkono, ile inayovutwa na kugeuka, katikati ya kioo sentimita 108 kutoka sakafuni. Ikigeuzwa kidogo inamwangalia mzee, ikisukumwa inarudi ukutani na moto unabaki wenyewe. Kijana alipigiwa simu ya video akaonyeshwa, akauliza mbona sio juu, baba yake akamjibu kwa Kibena maneno ambayo sitayaandika hapa ila mjadala uliisha.

Sasa kuna suala la ukuta wenyewe, na hapa naomba mafundi wenzangu hasa vijana mnisikilize. Ukuta wa fayaplesi sio ukuta kama mwingine. Ndani yake kuna chimni, na mara nyingi kutoka uso wa lipu mpaka kwenye uwazi wa moshi ni tofali moja tu limelazwa, sentimita 12 hivi na lipu yake. Ukiingia na biti ndefu bila kujua, umetoboa njia ya moshi. Utajua, vumbi la drili likitoka jekundu uko kwenye tofali, likianza kutoka jeusi simama hapo hapo, ziba kwa mota ya saruji, usizibe kwa plagi na silikoni ukaendelea. Tundu dogo la namna hiyo nyuma ya TV hakuna atakayeliona, na hewa ya monoksidi inaingia sebuleni taratibu watu wanaangalia mpira. Nilisema nitarudi kwenye chimni, ndo hapa. Hakuna TV yenye thamani ya kutoboa chimni.

Alafu tofali zetu. Zinafyatuliwa kwa udongo zinachomwa kwenye tanuru, zile za katikati zinaiva vizuri zinalia ukizigonga, zile za nje ya tanuru zinabaki mbichi mbichi, na mjenzi anazichanganya zote ukutani zinafunikwa na lipu. Ukitoboa tofali lililoiva unga unatoka mkavu na drili inalalamika, ukitoboa bichi biti inazama yenyewe na kinachotoka ni udongo mtupu, rolbolti, ile bolti inayotanuka ndani ya tundu, ukiikaza pale inazunguka tu au inapasua. Na nyumba nyingi huku, hata kubwa, tofali zimeunganishwa kwa udongo badala ya saruji, kwa hiyo tundu likiangukia kwenye kiungo umeshika hewa. Mimi nagonga kwanza kwa nyundo ndogo kusikiliza, natoboa tundu la majaribio jembamba, nikipata bichi nahama. Na hiyo ni kwa ukuta wowote, ila kwa ukuta wa chimni ongeza kwamba joto linapanua na kusinyaza kila siku, kilichokazwa mwezi wa pili mwezi wa nane kimelegea.

Waya nao. Waya wa kawaida wa nyumbani wenye ganda la PVC umetengenezewa mwisho nyuzi 70, na hapo tunaongelea ukiwa umebeba umeme wake na joto lake. Usiupitishe nyuma ya ukuta unaochemka, usiupitishe ndani ya chimni hata kama chimni haitumiki, kuna siku mtu atawasha. Upite pembeni, mbali na koo la moto.

Kuna wateja baada ya yote haya wanasema fundi nimekuelewa ila nataka juu. Ni nyumba yake, hela yake, simkatalii moja kwa moja, ila nina masharti. Kipimajoto kikae usiku mzima na namba isizidi 40, mimi napenda isizidi 35. Kuwe na shelfu ya zege, jiwe au mbao ngumu iliyotokeza, na TV ikae nyuma ya ukingo wake, isitokeze mbele yake. Breketi iwe ya kuinamisha, TV iangalie chini kwa watu, na kama uwezo upo kuna zile breketi za kushuka, unaivuta TV inashuka mbele ya fayaplesi mpaka usawa wa macho, ukimaliza unairudisha juu, ni nzuri sana ila uelewe kwamba ikishuka moto lazima uwe umezimwa, kwa hiyo mwezi wa saba hutaitumia, na huo ndo mwezi mnakaa ndani zaidi. Makochi yasogezwe nyuma, mita tatu na nusu au nne, pembe inapungua. Na misumari ishike mbali na njia ya moshi, nikishindwa kuijua inapita wapi napanda juu ya paa kuangalia, nikishindwa tena sifungi. Kuna kazi nimeziacha kwa sababu hiyo na sijutii.

Ila kama unaniuliza mimi, sebule nzuri ya baridi ni ile ambayo makochi yamepangwa kwa herufi L, upande mmoja unaangalia moto, upande mwingine unaangalia TV ukutani pembeni, na mtu akikaa kwenye kona anapata vyote viwili kwa kugeuza kichwa kidogo kushoto au kulia, sio juu. Jioni watoto wanaangalia katuni zao, baba kasinzia kwenye joto, mgeni akija TV inazimwa na hakuna anayebaki anaangalia kioo cheusi kilichokaa juu ya moto. Chumba kikiwa kidogo, ile nafasi pembeni ya chimni inatosha kabisa TV ya inchi 43, upana wake ni sentimita 95 au 96, pima uone. Tena pima ukiwa umekaa. Kaa kwenye kochi lako unalokalia kila siku, mtu mwingine ashike penseli ukutani, wewe angalia mbele tu kwa kawaida, umwambie hapo, aweke alama. Alama hiyo ndo katikati ya kioo chako.

Na wewe ambaye bado uko kwenye lenta au unasubiri kupiga lipu, una bahati kuliko wote, usimsubiri fundi TV mwishoni. Mwambie fundi umeme sasa hivi achimbie mabomba mawili kwenye ukuta wa pembeni, moja la umeme na soketi yake, jingine la inchi mbili kwa ajili ya HDMI na waya wa dishi, yatokee sentimita 105 juu na yashuke mpaka pale kabati la king'amuzi litakapokaa, lile bomba kubwa lisiwe na kona kali maana kichwa cha HDMI hakipiti kwenye kona, na aache kamba ya kuvutia ndani ya kila bomba, aifunge ncha zote mbili, alafu upige picha ukuta ukiwa wazi kabla haujafunikwa, pamoja na futi ya kupimia ikionekana kwenye picha. Fayaplesi mjenge na fundi anayejua koo la moshi, mwambie atokeze shelfu. Juu ya shelfu wacha tofali zionekane au weka picha ya wazee, kisha nipigie.